Farasi 15 Waliopotea: Tunapimaje Nguvu Iliyoongezwa kwenye Injini?

Wanachuo wenzangu, wengi wetu magari ya misuli ya Marekani tumeyajua kwenye filamu: Dodge Charger, Ford Mustang, Chevrolet Camaro. Ni magari yenye injini kubwa, mara nyingi ya silinda nane, na sifa yao ya kwanza ni nguvu. Hata hivyo wenye nayo wengi hawaridhiki na nguvu iliyotoka kiwandani. Wanayapeleka kwa fundi yakatyuniwe. Kwa gari la zamani fundi atashika kabureta na distribyuta. Kwa gari la sasa ataandika upya programu ya kompyuta ya injini, abadilishe muda wa plagi kuwaka na kiasi cha mafuta kinachochanganywa na hewa. Baada ya hapo mtu anatoka na karatasi mkononi: "Nimeongeza farasi 30!" Swali la makala hii ni moja tu: tutajuaje kama ni kweli?

Usidhani ni swali la vijiweni. Mwaka 1999 Ford ilitoa Mustang Cobra mpya, ikatangaza kwamba ina nguvu farasi 320. Ile ya mwaka uliotangulia ilikuwa na 305, kwa hiyo mnunuzi aliahidiwa ongezeko la farasi 15. Wenye magari wakaanza kulalamika kwamba nguvu hiyo hawaioni. Wakayapeleka kwenye mashine ya kupimia, na majibu yakaonyesha gari halifikii ahadi. Agosti mwaka huohuo Ford ikasimamisha mauzo na kuyaita magari yaliyokwishauzwa. Ikarekebisha manifodi ya kuingizia hewa, programu ya kompyuta na sehemu ya ekzosi. Hebu fikiria: kampuni kubwa kama ile imerudishwa mezani na wateja wenye vipimo!

Farasi 15 juu ya 305 ni chini ya asilimia 5. Kiasi hicho sikio haliwezi kukithibitisha. Ekzosi ikipigwa kelele zaidi utaona kama gari limechangamka, lakini wahenga walishasema debe tupu haliachi kuvuma. Hapo ndipo kipimo kinapohitajika.

Mashine inapima nini hasa?

Nguvu farasi ni kipimo kilichowekwa na James Watt, mhandisi wa Scotland wa karne ya 18, ili wateja wake waelewe mashine ya mvuke inafanya kazi ya farasi wangapi. Farasi mmoja ni sawa na kuinua ratili 33,000 kwa futi moja ndani ya dakika moja, yaani takriban wati 746.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hatulijui: mashine ya kupimia, dainamomita, haipimi nguvu farasi moja kwa moja. Gari linapandishwa juu ya rola, linafungwa mikanda lisichomoke, feni kubwa inawekwa mbele. Dereva anaweka gia inayofaa, anakanyaga mafuta mpaka mwisho, injini inapanda kutoka mizunguko ya chini hadi ya juu. Aina moja ya mashine ina rola nzito ambayo uzito wake unajulikana. Kompyuta inaangalia rola inaongeza kasi upesi kiasi gani. Aina nyingine inaikamata rola kama breki na kupima inasukumwa kwa nguvu gani. Kwa vyovyote tunachopata ni vitu viwili: nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi wanaiita torki, na idadi ya mizunguko kwa dakika. Farasi wanatokana na hesabu.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha nne. Zidisha torki kwa mizunguko, gawanya kwa 9549, unapata kilowati. Tuseme injini inatoa torki ya Nm 400 ikiwa kwenye mizunguko 5,000. 400 mara 5,000 ni 2,000,000. Gawa kwa 9549 unapata kilowati 209.4. Gawa tena kwa 0.746, unapata farasi 281 hivi. Kwa kuwa namba ya mwisho ni zao la hesabu, kila kitu kinachoingia kwenye hesabu kinaweza kuibadilisha. Na mitego iko hapohapo.

Mtego wa kwanza: umepima wapi?

Nguvu ikitoka kwenye injini inapita giaboksi, propela na difu kabla ya kufika kwenye tairi. Kila kituo kinakula chake kwa msuguano. Kwa hiyo namba ya kwenye tairi lazima iwe ndogo kuliko ile ya kiwandani, ambayo hupimwa kwenye injini. Watu wengine wanaongeza asilimia 15 kichwani ili "kurudisha" nguvu iliyopotea, lakini hayo ni makadirio, kwa sababu magari hayafanani.

Ndiyo maana kesi ya Cobra haikuwa rahisi. Namba ya kwenye tairi peke yake isingetosha kuivunja namba ya kwenye tangazo, maana mtu angeweza kubisha kwamba nguvu imeishia kwenye difu. Njia yenye nguvu zaidi ni kulinganisha gari na gari, tairi na tairi, mashine ileile.

Historia ya magari haya ina mfano mzuri wa jambo hili. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa uchi, bila mizigo mingi inayoibeba ikiwa ndani ya gari. Kisha vikahamia kwenye kupima injini ikiwa na vifaa vyake, pamoja na kichujio cha hewa na ekzosi. Mwaka 1971 Chevrolet ilitoa namba za aina zote mbili. Injini ya Corvette iliyoitwa LT-1 ilisomeka 330 kwa njia ya zamani na 275 kwa njia mpya. Injini ni ileile! Farasi 55 wamepotea kwenye karatasi tu.

Mtego wa pili: hali ya hewa

Injini inavuta hewa. Hewa ya baridi ni nzito, ina oksijeni nyingi zaidi. Hewa ya joto au ya mlimani ni nyepesi. Gari lilelile litasoma tofauti asubuhi na mchana. Ili kulisawazisha hilo, kompyuta ya mashine inazidisha majibu kwa kizidisho kinachoyapeleka kwenye hali moja ya hewa. Kanuni ya wahandisi wa Marekani iitwayo SAE J1349 inatumia nyuzi joto 25. Kuna kanuni ya zamani inayotumia nyuzi 15.5 na kanieneo kubwa zaidi, nayo inatoa namba iliyo juu kwa karibu asilimia 4.

Angalia mchezo unavyoweza kuchezwa. Gari linasoma 300 kwa kanuni ya kwanza kabla ya tyuni. Baada ya tyuni, fundi anachapisha karatasi kwa kanuni ya pili: 312. Umepata farasi 12 bila hata boliti moja kuguswa. Kwa hiyo kabla ya kusoma namba kubwa, soma maandishi madogo pembeni yake.

Mtego wa tatu: kuchagua namba unayoipenda

Tuseme gari limepimwa mara tatu kabla ya tyuni: 296, 301, 299. Baada ya tyuni: 307, 305, 309. Mwenye duka atachukua ya chini kabisa ya kwanza na ya juu kabisa ya mwisho: 309 toa 296, farasi 13. Lakini wastani wa kwanza ni 298.7 na wa pili ni 307. Ongezeko la haki ni farasi 8 hivi. Tena tunaweza kuliamini kiasi fulani, kwa sababu hata namba ndogo ya baadaye, 305, imeizidi kubwa ya awali, 301. Kama zingekuwa zinaingiliana, tungetakiwa kunyamaza kwanza na kupima tena.

Sisi wa ualimu jambo hili tunakutana nalo darasani: jaribio la awali na jaribio tamati. Ukimpa mwanafunzi mtihani mgumu mwanzoni na mwepesi mwishoni, huwezi kusema umemfundisha. Hata kwa gari ni vivyo hivyo. Mashine iwe moja, siku moja, gia moja, upepo wa tairi uleule, mafuta yaleyale, injini iwe na joto lilelile. Kibadilike kitu kimoja tu: tyuni.

Ongezeko lina gharama gani?

Usiangalie kilele peke yake. Karatasi ya dainamomita ina mstari unaopanda tangu mizunguko ya chini. Tyuni inaweza kuongeza farasi 10 kwenye mizunguko 6,500 huku ikipunguza kwenye 3,000, ambako dereva anakaa muda mwingi. Namba imepanda, gari limekuwa zito.

La hatari zaidi, fundi anaweza kuwahisha plagi kupita kiasi ili apate namba nzuri. Injini ikianza kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka ovyo ndani ya silinda, pistoni zinaweza kutoboka. Umenunua farasi wanane, umepoteza injini nzima.

Basi mtu akikuonyesha karatasi ya farasi walioongezeka, iwe ya Mustang au ya gari lolote, muulize: ya kabla iko wapi? Zimepimwa mashine moja na kanuni moja? Mlipima mara ngapi? Akiwa na majibu, mpe hongera yake. Akianza kukuzungusha, usitoe hela. Wale wa Cobra walilipia farasi 15 kwa kuamini tangazo, na haki yao waliipata kwa kupima.