Fomu Zimejaa, Mioyo Je?



Somo la robo hii lina masomo mawili ya Biblia, Isaya 58:1-12 na Luka 18:9-14. Tunaomba yasomwe kwanza, tena kwa sauti, kabla ya kuendelea na maelezo yetu. Kamati zisome pamoja, na ikiwezekana isiwe siku ya kikao cha fedha, maana siku ya fedha hakuna anayesikia jambo lingine.

Tuanze na yule Farisayo. Tumezoea kumcheka, na watoto wa shule ya Jumapili wakiigiza habari hii humvika kanzu ndefu na kumfanya atembee kwa maringo. Lakini tumtazame vizuri. Torati iliagiza siku moja ya kufunga kwa mwaka, yaani Siku ya Upatanisho. Yeye alifunga mara mbili kwa juma. Alitoa fungu la kumi la mapato yake yote. Si mwizi, si mzinzi. Mtu wa namna hii akihamia usharikani kwetu leo, mwaka hautaisha kabla hajawa mzee wa kanisa, na mwaka wa pili atakuwa mtunza hazina. Nasi tungefurahi, maana bahasha yake ya ahadi haichelewi.

Basi kosa lake liko wapi? Kwa miaka mingi sisi tulifundisha kwamba kosa lake ni majivuno, na hiyo ni kweli. Ila hivi karibuni, tulipokuwa tukiandaa semina ya viongozi, mwinjilisti mmoja alituonyesha jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alisema, "Someni tena sala yake, halafu mniambie anaomba nini." Tukasoma. Haombi kitu. Ameshukuru, ametoa taarifa, amemlinganisha jirani yake, amemaliza. Mtoza ushuru ana maneno machache sana, lakini yote ni ombi. Anamhitaji Mungu. Farisayo amekuja hekaluni kama mtu anayepeleka taarifa ya utekelezaji kwa mfadhili, akiwa ameambatisha takwimu zote, na akirudi nyumbani hana deni wala haja.

Mtasema tunajisema wenyewe. Ndiyo, tunajisema wenyewe, na sababu ni hii.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipoanza mradi wa mbuzi wa maziwa katika baadhi ya sharika, tulitengeneza fomu ya ufuatiliaji. Utaratibu mnaujua: aliyepata mbuzi humtoa jike wa kwanza atakayezaliwa, apewe mwingine aliye kwenye orodha. Fomu ilikuwa na safu za kawaida, yaani hali ya banda, malisho, lita za maziwa, chanjo. Sisi wenyewe, hapa ofisini, tukaongeza safu moja: "Mahudhurio ya ibada". Hakuna mfadhili aliyetuagiza. Tuliona tu kwamba mradi wa Kanisa unapaswa kuwa na kitu cha kiroho ndani yake, na safu ile ilipendeza kuitazama.

Mwaka jana tulitembelea usharika mmoja ambao taarifa zake zilikuwa za mfano. Vikao vyote vimefanyika. Kila muhtasari unaanza na sala na kumalizika na sala, pamoja na jina la aliyeomba. Tuliwahi hata kuzitumia taarifa zile kufundishia wengine. Katika kupita nyumba kwa nyumba tukafika kwa mama mmoja mjane, mtu mzima wa makamo ya bibi, ambaye jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha ya awali. Banda alikuwa amejenga, na nyasi za tembo amepanda hadi zimezeeka. Mbuzi hakuwapo.

Tukamwamkia, akaitikia, "Marahaba, wanangu," akatuwekea kigoda. Tulipouliza habari za mbuzi alinyamaza kwanza. Kisha akasema hakupewa kwa sababu yeye haendi ibada. Mama mkwe wake alikuwa amelala kitandani mwaka wa pili sasa, hawezi kujigeuza, na ndani ya nyumba hapakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Jumapili zote zile alikuwa akimwosha mgonjwa wakati kengele inapiga. Ahadi yake nayo ilikuwa nyuma. Kamati ilikaa, ikaomba, ikaamua kumruka.

Tulirudi ofisini, tukafungua jalada. Uamuzi ulikuwamo. Katika muhtasari wa kikao imeandikwa kwamba dada yetu huyu amerudi nyuma kiroho, hivyo nafasi yake apewe mwingine. Na pembeni kuna alama yetu ya vema. Tuliusoma, tukaupitisha. Safu tuliyoiweka sisi ndiyo iliyompima, na alipokosa alama, akakosa mbuzi.

Tulipokwenda mara ya pili kumwomba radhi alituuliza swali moja tu: "Walipoandika kwamba nimerudi nyuma, nani alikuja kuniona?"

Sasa turudi kwa Isaya 58. Watu wa pale hawakuwa wapagani. Wanamtafuta Mungu kila siku, wanafunga, tena wanalalamika kwamba mbona Mungu haoni kufunga kwao. Jibu wanalopewa ni gumu: siku ileile ya kufunga wanafuata faida zao na kuwabana vibarua wao. Halafu nabii anataja saumu ambayo Mungu ameichagua, nayo ina mkate wa mwenye njaa, nyumba kwa asiye na makao, nguo kwa aliye uchi. Mstari wa 7 unamalizia kwa kusema mtu asijifiche na ndugu yake mwenyewe. Tunaomba mkae juu ya neno hilo la kujificha. Inawezekana kabisa kujificha nyuma ya ibada. Inawezekana kujificha nyuma ya kikao kilichofunguliwa kwa sala.

Wengine watauliza: je, mnataka kusema ibada, liturgia na mahudhurio havina maana? Hapana. Bwana wetu mwenyewe aliingia katika sinagogi siku ya sabato kama ilivyokuwa desturi yake (Luka 4:16). Mtoza ushuru naye alikuwa hekaluni. Hakukutana na Mungu kichakani. Na Martin Luther, ambaye wengi humtaja kana kwamba alikuja kufuta taratibu, alitunza liturgia na kuiweka katika lugha ya watu. Alichokipinga katika hoja zake 95 za tarehe 31 Oktoba 1517 ni wazo kwamba mtu anaweza kununua cheti cha msamaha na kumaliza habari yake na Mungu. Hoja zile tunazitaja kila Sikukuu ya Matengenezo, lakini ni wachache wanaofika hoja ya 45. Humo Luther anasema kwamba mtu anayemwona mhitaji na kumpita, kisha akatoa fedha zake kwa ajili ya vyeti hivyo, hapati msamaha wowote bali anajinunulia hasira ya Mungu. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa wa Kanisa letu swali la mtu na Mungu wake lilishikana na swali la maskini aliye njiani. Sisi watu wa miradi tungepaswa kuijua hoja hiyo kwa moyo.

Kuna mtu mwingine wa Kilutheri ambaye habari zake zimetusaidia sana mwaka huu, naye ni August Hermann Francke wa Ujerumani. Mwaka 1687 alikuwa na umri wa miaka 24, msomi wa teolojia, na aliombwa kuhubiri katika mji wa Lüneburg. Akachagua Yohana 20:31, mahali panaposema habari za kuamini na kuwa na uzima. Alitaka kuwaonyesha watu tofauti kati ya imani iliyo hai na imani ya kichwani. Alipokuwa akiandaa, akagundua kwamba yeye mwenyewe hana hiyo imani anayotaka kuihubiri. Fikirini hali hiyo. Siku ya kuhubiri imekaribia, kanisa linamsubiri, na mhubiri hajui kama Mungu yupo. Alikusudia kukataa. Akapiga magoti akamlilia Mungu ambaye bado hakuwa na hakika naye, na kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, mashaka yakaondoka akiwa palepale magotini. Siku chache baadaye alihubiri.

Watu wengi huishia hapo na kusema Amina. Sisi kilichotugusa zaidi ni kilichofuata. Alipokuwa mchungaji wa Glaucha, kando ya mji wa Halle, mahali penye umaskini na ulevi mwingi, maskini walikuwa wakija nyumbani kwake kuomba mkate. Francke akaanza kuwauliza watoto wao maswali ya katekisimu. Hawakujua kitu. Hapo ndipo tunapotofautiana naye kwa aibu yetu. Sisi tulipoona safu ya ibada iko tupu tulimwondoa mtu kwenye orodha. Yeye hakuwafukuza, alisema watoto hawa wanahitaji shule. Mwaka 1695 katika sanduku la sadaka nyumbani kwake zilikutwa thaler 4 na groschen 16, naye akaona hizo zinatosha kuanzisha shule ya maskini. Akanunua vitabu, akawagawia watoto, na vingi havikurudi kamwe. (Wale wa kamati za mikopo mnaolia na marejesho, mna ndugu yenu huko.) Hakufunga shule kwa sababu hiyo. Mwaka 1698 jiwe la msingi la nyumba ya yatima liliwekwa, na alipofariki mwaka 1727 wanafunzi katika shule zile walikuwa zaidi ya 2,000.

Hatusemi kila anayepiga magoti atajenga nyumba ya yatima. Ila mtu aliyekwisha kuona kwamba yeye mwenyewe alisimama mikono mitupu mbele za Mungu hapati urahisi wa kumwambia mwingine, "Wewe hukufikisha alama."

Na kwetu je? Wazee wetu wa Kagera wanaujua Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukaingia Karagwe na Bukoba, na wimbo wa "Tukutendereza Yesu" ukavuka mipaka pamoja nao. Tukumbuke kwamba Uamsho ule ulianza kati ya watu waliokwisha kubatizwa, wenye majina ya Kikristo na viti vyao kanisani. Walikuwa na dini. Alama moja iliyowashangaza majirani ni kwamba waliookoka walirudisha vitu. Aliyeiba alirudisha, mwenye deni la zamani alikwenda kulipa, waliokuwa hawasemeshani walipatana. Kutoka katika Uamsho huo alitokea Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi tangu 1964, na mwaka 1977 akachaguliwa katika mkutano wa Dar es Salaam kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo.

Lakini tusidanganyane. Hata ushuhuda unaweza kukaririwa. Tumewahi kusikia mtu akisimulia wokovu wake kwa maneno yaleyale, kwa pumzi zilezile, mwaka hadi mwaka, huku jirani yake akimdai. Uhusiano na Mungu ukigeuzwa kuwa maneno ya kusema, nao umekuwa safu nyingine ya kuwekwa alama.

Habari ya mama yule tuimalize. Jike aliyepaswa kuwa wake alikuwa amekwisha kupewa nyumba nyingine, nayo haikuwa na kosa, hivyo hatukuweza kumrudisha. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, na aliyefuata kwenye zamu alizaa madume mawili. Kamati ilipokutana nasi tulieleza kosa la ofisi kwanza, kisha yakasemwa mengine. Katibu aliyeandika muhtasari ule hakutia neno. Baadaye tulisikia kwa mama mwenyewe kwamba alikuja jioni moja akiwa na jike kutoka banda lake, akamfunga, akaketi kidogo na mgonjwa, akaondoka. Hakuna aliyemwagiza. Na katika fomu yetu hapakuwa na mahali pa kuliandika jambo hilo.

Kwa majadiliano ya kamati: Je, katika orodha zenu kuna jina lililorukwa, na sababu yake ilichunguzwa na nani? Sala ya kufungua kikao, huwa mnaomba kitu, au mnafungua tu? Mara ya mwisho mmoja wenu kumwambia Mungu kwamba hajui la kufanya ilikuwa lini? Swali hili la mwisho si la kujibiwa kwa kunyoosha mikono. Kila mtu aende nalo nyumbani.

Kwa marafiki wetu wafadhili: kuanzia robo hii safu ya "Mahudhurio ya ibada" haitaonekana tena katika taarifa tunazowatumia. Badala yake tumeweka swali, "Nani hakuonekana, na nani amekwenda kumwona?" Majibu yake hayahesabiki kwa urahisi, nasi tunaomba mtuvumilie yakija kwa maneno marefu.

Fomu mpya zinapatikana ofisini na kwa wakuu wa majimbo. Zile za zamani zilizobaki msizitupe. Upande wa nyuma ni mweupe, zinawafaa watoto wa shule ya Jumapili.