Zamu ya 146: namna ninavyoifuatilia drafti ya NFL

Kwetu Tanga ukisema drafti, watu wanatafuta ubao na vizibo vya soda. Hapa Minnesota, nilikohamia kufanya kazi ya kulea wazee, drafti ni siku tatu za mwezi wa nne ambazo timu 32 za mpira wa Kimarekani huketi kugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu. Alhamisi usiku ni raundi ya kwanza, Ijumaa ya pili na ya tatu, Jumamosi kutwa ni ya nne hadi ya saba. Binamu yangu amehamia huku mwaka huu. Ameshavaa jezi ya zambarau ya Vikings, timu ya hapa, na ananiuliza aanzie wapi. Namwandikia yeye, pamoja na yeyote aliyekulia kwenye Simba na Yanga kisha akajikuta kwenye mji wa theluji, mbele ya televisheni inayoonyesha mchezo asioujua.

Lielewe shina kwanza. Kwetu dirisha la usajili likifunguliwa, mwenye fedha anakula nyama na mnyonge anabaki na mchuzi. Kwenye NFL, ligi ya mchezo huu, aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye anayechagua mwanzo, na bingwa anasubiri hadi mwisho wa raundi. Wazo hilo lilitoka kwa Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliyeona vijana wazuri wote wanaishia kwenye timu zile zile chache. Drafti ya kwanza ilifanyika Februari 1936 katika hoteli moja ya Philadelphia. Eagles, waliokuwa wa mwisho, wakamchagua Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Berwanger hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Kwa hiyo tangu mtu wa kwanza kabisa kutajwa, kuchagua kulikuwa jambo moja na kumpata mchezaji jambo jingine.

Jambo la pili ni kwamba zamu ya kuchagua ni mali kama shamba. Inauzwa, inabadilishwa, na hata ya mwaka kesho au mwaka keshokutwa inaweza kutolewa leo. Ndiyo maana daftari langu la drafti halianzi na majina. Wiki moja kabla, naandika idadi ya zamu tulizonazo na ziko raundi gani. Mwaka 2025 Vikings walimaliza drafti nzima wakiwa wamechagua watu 5 tu. Kabla hata ya kumjua mmoja wao nilikuwa nimeshaingiwa na wasiwasi, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2015, katika raundi ya tano, zamu ya 146, Vikings walimchukua mpokeaji (mdaka mpira unaorushwa) wa Chuo Kikuu cha Maryland aitwaye Stefon Diggs. Saa hiyo ya Jumamosi watu wengi wako sokoni au wanafua. Sasa fuata uzi huu. Tarehe 14 Januari 2018 Vikings walikuwa nyuma ya New Orleans Saints 24 kwa 23, zimebaki sekunde 10, mchezo wa mtoano. Kotabeki, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, alikuwa Case Keenum, mtu ambaye mwaka 2012 hakuchaguliwa na timu yoyote katika raundi zote saba. Keenum akarusha kuelekea mstari wa pembeni, Diggs akaruka juu, beki wa mwisho akamkosa, na Diggs akakimbia hadi ndani. Yadi 61, na matokeo 29 kwa 24. Wenyeji wanauita muujiza wa Minneapolis. Mzee mmoja ninayemhudumia kazini bado hawezi kuusimulia bila kuinuka kitini.

Uzi haukukatikia hapo. Machi 2020 Vikings walimpeleka Diggs kwenye timu ya Buffalo, na katika malipo waliyopokea ilikuwamo zamu ya 22 ya raundi ya kwanza. Ilipofika zamu ya 21, Eagles, ambao kama sisi walitaka mpokeaji, walimchagua Jalen Reagor. Dakika chache baadaye Vikings wakamtaja Justin Jefferson wa chuo cha LSU. Msimu wake wa kwanza alipata yadi 1,400. Mwaka 2022 Reagor mwenyewe aliletwa Minnesota, akawa anakaa benchi moja na Jefferson. Zamu moja ya raundi ya tano ilitupa miaka mitano ya Diggs, ule usiku wa Januari, halafu mpokeaji ninayeamini ni bora kuliko wote wa kizazi chake. Kila zamu inayotolewa bure naiona kama mche wa mnazi uliong'olewa: huwezi kujua ungezaa nini.

Sasa upande wa machungu. Oktoba 1989 Vikings waliamini wamebakiza mtu mmoja tu kufika kileleni, mkimbiaji Herschel Walker wa Dallas Cowboys. Wakampata kwa kutoa wachezaji 5 na lundo la zamu, tatu kati yake za raundi ya kwanza. Walker alikaa hapa misimu miwili na nusu. Cowboys, kwa kuichezesha mojawapo ya zamu hizo, walipanda hadi namba 17 mwaka 1990 na kumchukua Emmitt Smith, na katika muongo huo wakatwaa ubingwa mara 3. Vikings hawajawahi kutwaa Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa. Wameingia fainali 4 na kupoteza zote, ya mwisho ikiwa ya msimu wa 1976. Binamu, ukikaa na wazee wa huku usilitaje jina la Walker kama huna nusu saa ya kusikiliza.

Kocha wa Cowboys wakati huo, Jimmy Johnson, ndiye aliyesambaza jedwali ambalo mimi nimelibandika nyuma ya daftari. Kila zamu imepewa pointi: ya kwanza 3,000, ya 12 ni 1,200, ya 32 ni 590. Timu zikibadilishana, nachukua kalamu na kujumlisha. Mwaka 2022 Vikings waliwapa Detroit Lions zamu ya 12 na ya 46, wakapokea ya 32, ya 34 na ya 66. Hesabu yake: tuliyotoa ni 1,200 na 440, jumla 1,640. Tuliyopokea ni 590, 560 na 260, jumla 1,410. Tulipungukiwa pointi 230, tena kwa kuwauzia majirani tunaokutana nao mara mbili kila msimu. Kuna majedwali mapya ya wataalamu wa takwimu yanayothamini zaidi zamu za kati, na kwa hayo biashara ile haikuonekana mbaya. Mimi usiku ule niliandika "sawa" kwa sababu tulipata zamu 3 kwa 2, na nilishakwambia napenda wingi.

Nilikosea, na ukurasa ule sijauchana. Zamu ya 12 ingeweza kumleta Kyle Hamilton, beki wa mwisho wa Notre Dame aliyekwenda Baltimore kwenye zamu ya 14 na kuwa miongoni mwa walinzi bora wa ligi. Vikings nao walihitaji beki wa mwisho, na kwenye zamu ya 32 wakamchagua Lewis Cine wa Georgia. Oktoba mwaka ule ule, kijana huyo alivunjika mguu kwenye mechi ya London, na Agosti 2024 akaachwa. Kuvunjika mguu si kosa la mtu, na niliumia kwa ajili yake kama kwa ndugu. Ila swali la nani alikuwa bado yupo mezani wakati sisi tunashuka lilikuwa linajibika usiku ule ule, na sikuliuliza. Tangu hapo, timu yangu ikishuka, naandika majina matatu ya walioachwa. Wingi wa zamu unanisisimua bado, lakini zamu tatu hafifu hazimlipi mtu mmoja aliyekuwa mkononi.

Utawezaje kuandika majina hayo kama hujui kuutazama mchezo? Mwaka wa kwanza nilikuwa nafuata mpira kwa macho kama ninavyofuata kandanda, na sikuelewa kitu. Mzee yule wa kazini ndiye aliyenifundisha: kabla mpira haujaanzishwa, hesabu mabeki wa mwisho. Akiwa mmoja katikati, pembeni kuna upenyo, wakiwa wawili, katikati kuna nafasi na mkimbiaji anapata watu wachache wa kupambana nao. Kisha subiri mpokeaji mmoja ahame kutoka upande huu kwenda ule. Mlinzi akimfuata hatua kwa hatua, mara nyingi wanakaba mtu kwa mtu. Wakisogea kidogo tu na kubaki palepale, wanalinda maeneo. Usishangae ukidanganywa. Chini ya kocha Brian Flores ulinzi wa Vikings hujaza watu mbele kana kwamba wote watavamia, halafu nusu yao hurudi nyuma, na makotabeki waliokomaa hubabaika.

Mpira ukianzishwa, usiutazame. Tazama wale watano wa ukuta wanaomlinda kotabeki. Nilipoanza kufanya hivyo niliona mchezo mwingine kabisa. Mtu wa ukuta namwangalia miguu kwanza: akichelewa kuhamisha uzito, mikono yenye nguvu haitamwokoa. Kwa mpokeaji naangalia hatua tatu za mwanzo, kama anaweza kumhadaa mlinzi bila kupunguza mwendo. Jefferson msimu wa 2019 kule LSU alicheza zaidi nafasi ya ndani, akadaka mipira 111, na wachambuzi wengi wakasema pembeni atabanwa. Aliyemtazama miguu hakuhitaji kubishana nao. Na tafadhali usitazame video fupi za mabao pekee. Tafuta mechi nzima, hasa ile timu yake iliyofungwa.

Kuhusu mazoezi ya kupimwa vijana wa drafti, yanayofanyika Indianapolis kila mwaka, mimi nayatumia kama chumvi. Kuna mbio za yadi 40 ambazo watu huzisherehekea kuliko mechi. John Ross alizikimbia kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi ya wakati huo, na Cincinnati wakamchagua kwenye zamu ya 9. Majeraha yalimwandama na hakufika walikotarajia. Zamu ya 10, Kansas City Chiefs, waliopanda kutoka ya 27, walimtaja kotabeki Patrick Mahomes.

Hapo ndipo mahali pekee ninapokubali timu itoe zamu nyingi kwa mtu mmoja: akiwa kotabeki. Sababu ni fedha. Kila timu ina ukomo wa mishahara, na mkataba wa kwanza wa kijana wa drafti ni nafuu kwa miaka minne. Mwaka 2018 Vikings walimpa kotabeki Kirk Cousins dola milioni 84 za uhakika kwa miaka 3. Mshahara kama huo unakula ukuta, unakula mabeki. Ndiyo maana nilifurahi 2024 walipopanda kidogo tu, kutoka ya 11 hadi ya 10, wakamchukua kotabeki J.J. McCarthy wa Michigan. Agosti akaumia goti, akakosa msimu wote. Akaingia Sam Darnold, aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2018 na New York Jets na kuonekana ameshindwa, akatuongoza kushinda mechi 14. Kipaji chake kilikuwapo muda wote. Alikosa walinzi, wapokeaji na kocha wa kumpangia michoro anayoiweza. Kwa hiyo kijana akichaguliwa, usiulize tu ni mzuri kiasi gani. Uliza anakwenda nyumba gani.

Na usimpe alama mapema. Mimi nasubiri misimu mitatu. Mwaka 2003 Vikings waliacha dakika 15 za zamu yao ya 7 zipite wakiwa bado wanahangaikia kubadilishana, timu mbili zikawaruka, na nchi nzima ikawacheka. Walipofika mezani, zamu ya 9, walimchagua Kevin Williams, ambaye alichaguliwa mara 5 kwenye kikosi bora cha ligi. Kama ningetoa alama usiku ule ningeandika sifuri.

Ndugu zetu wa Nairobi watapenda kujua kwamba yupo mmoja wao aliyefika bila drafti: Daniel Adongo, mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Ukurasa wake nimeuweka mbele kabisa ya daftari.

Basi binamu, Alhamisi usiku nenda kapige kelele na wenzio baa, ni haki yako. Jumamosi njoo kwangu na maandazi. Nitakuwa nimetoka shifti ya usiku, chai ya tangawizi itakuwa jikoni, jedwali mezani. Raundi ya tano inapoanza majirani huwa wameshazima televisheni. Ndipo mimi hufungua ukurasa mpya na kuchonga penseli.