SOMO LA UFUNDI: TELEVIZYO YA ZAMANI IKIHARIBIKA RANGI



Hapa Baraka na kule Fizi milimani, televizyo za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, zingali zinafanya kazi katika nyumba kadhaa. Mama mmoja jirani alilalamika kwamba kwake watu wote wana uso wa kijani upande mmoja na wa zambarau upande mwingine. Fundi alimwambia taa ya picha imekufa, atafute ingine. Mama alikuwa karibu kuuza mbuzi wake wawili, na mbuzi hao ndio minerval ya mtoto wake. Tulipofika tulikuta bafle kubwa imesimama kando ya televizyo. Ugonjwa ulikuwa huo tu! Basi tujifunze kutafuta ugonjwa kabla ya kulipa dawa.

1. RANGI ZINATOKA WAPI?
Nyuma ya kioo kuna madoa madogo sana ya rangi tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Katika shingo ya taa ya picha kuna mizinga mitatu inayotupa elektroni, kila mmoja kwa rangi yake. Katikati kuna bati jembamba lenye matundu mengi, linaloongoza kila mwali ufike kwenye doa lake.

Rangi za mwanga hazichanganyiki kama rangi za kupaka ukuta. Nyekundu na kijani zinaleta manjano. Nyekundu na buluu zinaleta zambarau. Kijani na buluu zinaleta rangi ya maji ya ziwa wakati wa jua. Zote tatu pamoja zinaleta nyeupe. Mwalimu James Clerk Maxwell alionyesha jambo hili kwa picha huko London mwaka 1861, wakati televizyo haijawaziwa bado.

2. HATARI KWANZA
Hapana kufungua mgongo wa televizyo! Taa ya picha inatumia volti 20,000 na zaidi, na inaweza kuzitunza hata baada ya kuchomoa waya. Ndani kuna pia kopo la kutunza umeme lenye volti karibu 300. Tena taa haina hewa ndani. Shingo ikivunjika, vioo vinaruka. Kazi ya mwanafunzi ni kutazama, kujaribu buto za nje, na kumweleza fundi vizuri.

3. RANGI HAZIKO KABISA, PICHA NI NYEUSI NA NYEUPE
Tazama kama buto ya rangi imeteremshwa. Tazama waya na antena: picha ikiwa dhaifu, yenye chembe kama mchanga, televizyo yenyewe inafunga rangi.

Kisha uliza: televizyo hii ilitengenezwa kwa njia gani? Mwaka 1967 Ufaransa ilianza njia ya SECAM, na Ujerumani ya Magharibi ikaanza PAL. Nchi yetu wakati wa Zaire ilifuata SECAM, na Burundi vilevile. Tanzania, ng'ambo ya ziwa, ilifuata PAL. Kwa hiyo televizyo iliyojua SECAM peke yake, ukiitilia mashine ya kaseti au dekoda inayotoa PAL, itaonyesha picha safi bila rangi. Hapo hakuna kilichoharibika. Hizo mbili hazisikilizani. Kama televizyo inajua njia nyingi, chagua PAL au AUTO. Dekoda nayo isiwekwe NTSC.

4. MADOA YA RANGI PEMBENI
Hii ni kazi ya sumaku. Bafle ina sumaku. Ikikaribia, inapinda miale, nayo inaangukia madoa ya rangi nyingine. Lile bati la ndani pia linashika usumaku.

Ondoa bafle, iwe mbali kama mita moja au zaidi. Zima televizyo kwa buto yake kubwa, ungoje nusu saa, halafu washa. Wakati wa kuwasha, waya uliozungushwa nyuma ya kioo unafuta usumaku kwa nukta chache, kisha unapumzika. Usipongoja upoe, haufanyi kazi. Kwa televizyo nyingi kuzima kwa telekomandi hakutoshi. Rudia mara tatu au nne. Mama yule alirudia mara tatu, na nyuso zikarudi kuwa za watu. Haraka haraka haina baraka, hata hapa Baraka.

5. PICHA NZIMA INA RANGI MOJA
Teremsha buto ya rangi mpaka mwisho. Picha ikiwa nyeusi na nyeupe safi, ubaya uko katika sehemu inayosoma rangi. Ikibaki na rangi, ubaya uko kwenye mizinga au kibao kilichovaa shingo ya taa. Hapo tazama:
– picha ni manjano: buluu imepotea;
– picha ni zambarau: kijani imepotea;
– picha ni kama maji ya ziwa: nyekundu imepotea;
– rangi moja inawaka sana, na mistari myembamba inapita: mzinga wa rangi hiyo haufungiki.

Rangi ikipotea na kurudi unapogusa sanduku, mara nyingi risasi ya kuunganishia imepasuka kwenye kile kibao. Fundi anaiyeyusha upya, kazi ndogo. Lakini rangi ikichelewa kila unapowasha, na siku kwa siku inachelewa zaidi, mzinga umechoka. Hapo fundi akisema taa imezeeka, anaweza kuwa anasema kweli.

MASWALI
1. Televizyo ina picha ya manjano, hata buto ya rangi ikiteremshwa. Rangi gani imepotea, na ubaya uko wapi?
2. Kwa nini tunangoja nusu saa kabla ya kuwasha tena?
3. Ndugu yako ameleta mashine ya kaseti kutoka Kigoma. Picha ni safi lakini haina rangi. Utamshauri nini kabla hajalipa fundi?