Kulinda Kifundo cha Mkono: Somo kwa Vijana Waendeshao Baiskeli Katika Njia Mbovu

Vijana wengi wa shule za sekondari huendesha baiskeli katika njia zisizo na lami: njia za mchanga, za makorongo, za mawe na mizizi. Waangukapo, kiungo kinachotangulia kufika chini mara nyingi ni mkono. Mwandishi wa makala haya alianguka hivyo alipokuwa na umri wa miaka 16. Mkono ulivimba kidogo tu, ukachuliwa kwa mafuta, na wote wakasema umeteguka. Kumbe mfupa ulikuwa umevunjika. Hata leo kifundo hicho hakikunjiki sawasawa, na kuandika ubaoni kwa muda mrefu ni taabu. Yafaa basi tujifunze jinsi madhara ya namna hiyo yatokeavyo na jinsi ya kuyazuia.

Muundo wa kifundo

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8 iliyopangwa katika safu 2. Mifupa hiyo imeshikamanishwa kwa kano na mifupa mirefu ya kigasha. Mfupa mrefu wa upande wa kidole gumba huitwa radiasi, nao ndio upokeao sehemu kubwa ya kishindo cha kuanguka. Katika kijana, karibu na ncha ya radiasi, lipo tabaka la gegedu ambamo mfupa hukulia. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Likiumia vibaya, mfupa waweza kukua ukiwa mfupi au umepinda.

Kati ya ile mifupa 8, uvunjikao mara nyingi zaidi ni skafoidi, ulio chini ya kidole gumba. Damu huingia katika mfupa huu hasa kwa ncha iliyo upande wa vidole. Ukivunjika katikati, kipande cha upande wa kigasha chaweza kukosa damu na kufa. Tena ufa wake waweza usionekane katika picha ya eksirei ya siku ya kwanza. Ndiyo maana daktari huweza kuufunga mkono, kisha akaagiza picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14.

Kani ya kuanguka

Tuchukue mwanafunzi mwenye tungamo la kilo 50 aangukaye kutoka kimo cha mita 1. Nishati yake ni 50 × 10 × 1, yaani jouli 500. Tuseme sehemu ya kumi tu, jouli 50, inaufikia mkono mmoja. Nishati hiyo ni sawa na wastani wa kani ukizidishwa kwa umbali wa kusimamia. Mkono ulionyooshwa na kukakamaa husimama katika umbali mdogo, tuseme sentimeta 2. Kani itakuwa 50 ÷ 0.02, yaani nyutoni 2,500, mara tano ya uzito wa mwili wake mzima. Kiwiko kikikunjika, na umbali ukawa sentimeta 20, kani itakuwa nyutoni 250 tu. Somo la fizikia hapa ndilo somo la kinga.

Namna ya kujikinga

Kwanza, tengeneza baiskeli. Mikono ya breki ielekezwe chini kidogo, hata kigasha na mgongo wa kiganja viwe katika mstari mmoja unapoishika. Usukani usilegee. Tairi lisijazwe upepo kupita kiasi, kwa sababu tairi gumu mno hupeleka kila kishindo mikononi.

Pili, katika njia mbovu inuka kidogo kutoka kwenye kiti, simama juu ya pedali, kunja magoti na viwiko. Shika usukani imara bila kuukaba. Ganzi katika kidole kidogo na kile cha jirani yake ni dalili kwamba neva ipitayo upande huo wa kiganja inabanwa. Pumzika na ubadilishe mshiko.

Tatu, punguza mwendo kabla ya mchanga au kona, si ndani yake. Ukianguka, jitahidi kukunja viwiko na kubingiria kwa bega. Jambo hili halijifunzwi wakati wa ajali. Lifanyiwe mazoezi kwenye majani laini, mwalimu akiwapo. Glovu huzuia michubuko, lakini hazizuii mfupa kuvunjika.

Ajali ikitokea

Usivute mkono wala usiuchue. Vua saa na pete kabla ya uvimbe kuzidi. Funga kigasha na kifundo juu ya gazeti lililokunjwa, kisha ning'iniza mkono kwa kitambaa shingoni. Nenda hospitali ikiwa maumivu yapo katika kishimo kilicho kwenye shina la kidole gumba, hata kama vidole vyacheza vizuri. Vidole vikifa ganzi, vikipauka au kuwa baridi, au mkono ukipinda, usichelewe hata saa moja.

Maswali na zoezi

1. Tafuta kani katika mfano wetu ikiwa umbali wa kusimamia ni sentimeta 5.
2. Kwa nini maumivu ya kifundo cha kijana yasichukuliwe kuwa teguko tu?
3. Daka mpira kwa mkono uliokakamaa, kisha kwa mkono unaorudi nyuma pamoja na mpira. Eleza tofauti uliyoihisi kwa kutumia maneno kani, nishati na umbali.