Furaha kwa Bei ya Chungu cha Jibini

Wahenga wa Ugiriki waliwaza, wanasaikolojia wa leo wakapima. Mara nyingi majibu yanalingana. Chukua kidokezo kimoja uanze nacho wiki hii. Vyote kwa mpigo vitakuchosha.

1. Punguza matamanio. Epicurus, aliyefungua shule yake bustanini Athens karibu mwaka 306 KK, anasingiziwa hadi leo kuwa mpenda anasa. Kumbe mlo wake ulikuwa mkate na maji, na akitaka karamu alimwomba rafiki amletee chungu kidogo cha jibini. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu jimboni Illinois, Marekani. Hawakuonekana kuwapita kwa furaha watu wa kawaida wa eneo hilo. Tena raha ndogondogo, kama kupiga soga, kupata kifungua kinywa, hata kusoma jarida (jamani!), ziliwakolea kidogo kuliko wenzao. Binadamu huzoea upesi.

2. Jua lililo mikononi mwako. Epictetus, mmoja wa wanafalsafa walioitwa Wastoa, alizaliwa mtumwa, na alikuwa na ulemavu wa mguu. Alifundisha kwamba mali, cheo na sifa mbele za watu haviko chini ya amri yetu. Kilicho chetu ni namna tunavyoyapokea mambo. Karne nyingi baadaye Albert Ellis na Aaron Beck walijenga tiba zao za kuchunguza fikra huku wakikiri wazi kwamba wamechota kwa Wastoa. Umetuma ujumbe, umesomwa, hujajibiwa? Kutuma kulikuwa juu yako, kujibu ni juu yake. Ila usimhubirie hivyo mtu anayedhulumiwa. Yeye anahitaji haki kwanza.

3. Mnunulie mwingine. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake waliwagawia watu dola 5 au 20. Jioni, waliotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi ya waliojinunulia, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti.

4. Tunza marafiki. Hiki kwangu ndicho kikubwa. Aristotle aliutengea urafiki vitabu viwili kati ya kumi vya Maadili ya Nikomako. Huko Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, utafiti ulioanza mwaka 1938 umefuatilia maisha ya watu kwa miongo mingi, na kila mara unarudi palepale: mahusiano mema ndiyo yanayolinda furaha na afya uzeeni. Basi mpigie leo yule unayesema kila siku utamtafuta. Msikutane msibani tu.