Lenga Jicho, Mdogo Wangu

Haya wadogo zangu, sogeeni. Yuko mdogo wangu mmoja wa Ngara anauliza kwa nini ndege anaowapiga picha wanatoka na ukungu, ilhali majani ya nyuma yanaonekana hadi vishipa vyake. Eti ameanza kudunduliza anunue lenzi kubwa. Mpenzi, hiyo hela iache kwanza.

Umeiachia kamera ichague pa kufokasi, nayo inashika chochote kinachoonekana wazi. Tawi halikimbii, kwa hiyo tawi ndilo linaloshinda. Chagua nukta moja tu ya fokasi, iweke juu ya jicho la ndege. Mkia ukififia, si neno. Jicho likififia, futa, hata angekuwa na rangi zote za kanga.

Wa kujifunzia ni mdiria, yule mweusi na mweupe wa kando ya Ruvubu na Kagera. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja uliokatika katikati. Huyu ana mtihani wake: jicho jeusi ndani ya utepe mweusi, na kamera hulipoteza hapohapo. Dawa ni jua liwe mgongoni mwako, ling'arishe kidoa cha nuru ndani ya jicho. Kidoa hicho ndicho unachokilenga.

Tena mdiria ana hisani yake. Akitafuta samaki husimama hewani akipiga mabawa huku kichwa kimetulia, na hukabili upepo. Basi upepo ukikupuliza kisogoni, atakuwa amekutazama wewe. Spidi ya shata isipungue 1/2000, na ISO ipandishe bila huruma; chengachenga kwenye picha tunazisamehe. Akiwa ametua tuli, hata 1/500 inatosha.

Kuhusu mwanga, msiige saa za watu wa Dar es Salaam. Sisi tuko magharibi, jua linatuchomozea kama nusu saa baada yao, karibu saa moja kasorobo asubuhi. Fika mapema, ukae. Ikifika saa nne jua limeshakuwa kali, ndege ana kivuli usoni na wewe una njaa.

Mtaambiwa mshuke hadi usawa wa macho ya ndege. Ni kweli, picha hubadilika kabisa, maana nyuma yake panakuwa mbali na panalainika. Lakini ukingoni mwa Kagera sitaki kusikia mtu amelala kifudifudi. Kuna mamba na viboko mle. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, kaa garini, egemeza lenzi kwenye mfuko wa mchele dirishani.

Wenye simu, msinune. Kuzumu sana kunaharibu picha, kwa hiyo mpige ndege pamoja na mahali pake. Yangeyange miguuni pa ng'ombe wenye pembe ndefu, na vilima vya Ngara nyuma: hapo ndege mdogo anatosha. Mweke pembeni, uache nafasi upande anaotazama, asionekane kama amegonga ukuta. Gusa skrini juu yake, shikilia hadi fokasi ijifunge, kisha buruta alama ya jua chini kidogo. Usipofanya hivyo, weupe wake utaungua, manyoya yasionekane.

Minana wanaosuka viota ni rahisi zaidi. Dume hurudi palepale, kwa hiyo funga fokasi kwenye kiota, subiri aje mwenyewe. Ila nakukatazeni kukata jani hata moja ili mpate kuona vizuri. Jani hilo ndilo linaloficha makinda yasionwe na mwewe na kunguru. Korongo taji naye yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Ukimkuta bwawani na kiota chake, piga ukiwa mbali, uondoke, na usitangaze mtandaoni ni bwawa lipi.

Na mnaokwenda Rusumo: pale ni mpakani, kuna daraja na mitambo ya umeme. Kabla hujainua kamera kumfuata ndege wako, salimia walinzi, omba ruhusa. Askari haoni mdiria, anaona lenzi imeelekezwa darajani.