Mlangilangi au kivumbasi?

SWALI: Nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba hapa Tanga. Nataka mlangilangi kwa harufu na kivumbasi kwa dawa. Je, matunzo yake ni sawa?

JIBU: La, hayafanani. Mlangilangi ni mti wa miaka mingi. Upande mbali na ukuta, penye jua na udongo wenye kina usiotuamisha maji, na umwagilie mche wakati wa kiangazi mpaka ushike. Ukiuacha hupita mita 10, maua yakawa juu usikoyafikia. Ndiyo maana wakulima wa Komoro hukata kilele na kuinamisha matawi. Chuma alfajiri, ua likishageuka kutoka kijani kuwa manjano, kwani hapo ndipo linaponukia zaidi. Litie kwenye kikuba au katikati ya nguo kabatini.

Kivumbasi hakina makuu. Mwaga mbegu juu ya udongo laini mvua zinapoanza, usizifukie sana. Kikichanua, kata vichwa vya maua ili kizidi kutoa majani, na uoteshe kingine kila msimu, maana huzeeka upesi. Majani mabichi watu hujifukizia mafua. Makavu huchomwa jioni kufukuza mbu. Hata hivyo, moshi si badala ya chandarua, homa ikapimwe kituo cha afya, na mjamzito asinywe maji ya kivumbasi bila kumuuliza mtaalamu.

Kama nafasi inatosha kimoja tu, anza na kivumbasi: mlangilangi uliobanwa na kuta utakusumbua.